Kitwitwi na Kijiti cha Bibi Kazija

Sogeeni karibu. Nina fumbo, na sijalifumbua mpaka leo.

Pwani yetu ni ndefu. Ina mchanga mwingi, mweupe, mtupu. Ndege anaweza kutaga popote apendapo.

Basi kwa nini kitwitwi alitaga mahali pale? Pale pale panapopita miguu mingi kuliko pwani nzima?

Nimewauliza wavuvi. Nimemuuliza mwalimu. Nimekaa nikafikiri peke yangu. Sijui. Labda nyinyi mtajua.

Haya, sikilizeni yaliyotokea.

Kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Pemba palikuwa na kijiji kidogo, Mtondooni. Hapo aliishi Shuwena. Alikuwa na miaka saba, na pengo mbele, mahali pa jino.

Shuwena aliishi na bibi yake, Bibi Kazija. Bibi Kazija alikuwa na goti bovu na kicheko kizuri.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Shuwena alishuka pwani kutazama ndege. Hakuwarushia mawe. Hakuwakimbiza. Alichuchumaa tu, akatazama.

Alimwona yangeyange, mweupe pe! Yangeyange alitembea polepole majini, kama mtu asiyetaka kuchafua kanzu yake.

Aliwaona shakwe. Shakwe walipiga kelele wote pamoja, kama watoto wakitoka chuoni.

Alimwona mdiria juu ya tawi la mkoko. Kimya. Kimya. Kimya. Kisha, chubwi! Akaibuka na samaki.

Aliwaona kaa wakitoka mashimoni mwao, upande upande, macho juu. Shuwena akipiga chafya, kaa wote wanaingia ndani. Akinyamaza, kaa wote wanatoka.

Na kila siku alimwona kitwitwi.

Kitwitwi ni ndege mdogo. Rangi yake ni ya mchanga. Tumbo lake ni jeupe. Miguu yake ni myembamba kama vijiti vya kiberiti.

Twi-twi-twi, mbio!
Akasimama kimya.
Twi-twi-twi, mbio!
Akasimama kimya.

Ndivyo alivyokwenda, kutwa nzima.

"Bibi, kwa nini anakimbia halafu anasimama?" Shuwena aliuliza.

"Mimi nami ndivyo ninavyokwenda," alisema Bibi Kazija. "Yeye anatafuta chakula. Mimi goti linaniuma."

Sasa, kabla hatujaendelea, mnajua makumbi?

Makumbi ni yale maganda ya nazi yenye nyuzi nyingi. Wanawake wa Mtondooni huyafukia pwani, kule chini ambako maji hufika. Makumbi hulala mchangani miezi sita, yakalainika.

Kisha hufukuliwa. Hupandishwa juu, kwenye mchanga mkavu. Hupigwa kwa magongo. Pu! Pu! Pu! Nyuzi hutoka. Nyuzi husokotwa kamba.

Kila shimo lina kijiti chake. Kijiti cha Bi Mkasi, jirani yao, kina kifuniko cha kopo. Kijiti cha Bibi Kazija kina kitambaa cha buluu, kipande cha kanga yake ya zamani.

Mtu akiona kijiti, anajua. Hili ni la fulani. Hagusi. Maana Mtondooni pana sheria moja ya pwani, na hata watoto wanaijua:

Alichofukia mtu,
hufukua mwenyewe.

Asubuhi moja Shuwena alipita kwenye kiwanja cha kupigia makumbi. Hapo mchanga ni mkavu. Maji hayafiki.

Mara kitwitwi akatoka mbele ya miguu yake. Twi! Twi! Twi!

Lakini leo hakukimbia vizuri. Alikuwa akiburura bawa moja. Bawa lilikwaruza mchanga, kwaru, kwaru, kwaru.

"Maskini!" alisema Shuwena. "Umeumia!"

Akamfuata. Kitwitwi akajiburura. Shuwena akafuata tena. Kitwitwi akajiburura tena. Wakafika mbali.

Halafu, puruu! Kitwitwi akaruka. Bawa zima. Hana hata mkwaruzo.

Shuwena akabaki ameachama. Pengo lote nje.

Alirudi nyumbani mbio.

"Bibi! Ndege anaweza kudanganya?"

Bibi Kazija alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Akiwa na watoto, anaweza. Mama yako alipokuwa mdogo, nilimwambia kisimani pana zimwi. Asikisogelee kisima."

"Lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Zimwi lilikuwa mimi, nyuma ya ukuta. Wuuu!"

Wakacheka wote wawili, mchele ukamwagika.

Usiku ule Shuwena aliwaza. Akiwa na watoto. Basi kitwitwi ana kitu anakificha.

Kesho yake alikwenda tena. Safari hii hakukaribia. Alilala kifudifudi nyuma ya gogo, akangoja.

Kitwitwi akaja.

Twi-twi-twi, mbio!
Akasimama kimya.
Twi-twi-twi, mbio!
Akasimama kimya.

Akatazama huku. Akatazama kule. Kisha akapangua mchanga kwa miguu yake. Kwa-kwa-kwa.

Na chini ya mchanga, nini?

Mayai. Mawili. Yana madoadoa. Yanafanana na mchanga wenyewe.

Kitwitwi akayalalia, akatulia.

Baadaye kaa mmoja akapita karibu. Kitwitwi akainuka. Akapiga miguu, kwa-kwa-kwa. Mayai yakafunikwa. Hayakuonekana tena.

"Kumbe na yeye hufukia," Shuwena alinong'ona.

Halafu akakumbuka. Akainuka na kukaa kitako. Moyo wake ukafanya ti, ti, ti.

Bamvua lilikuwa karibu! Siku ya bamvua maji hutoka mbali kabisa. Ndiyo siku ya kufukua makumbi. Wanawake kumi na wawili watapanda na mapakacha, vikapu vya makuti, yaliyojaa makumbi. Watayatupa chini, pwaa! Wapi?

Hapa. Juu ya mayai.

Na mayai hayaonekani.

"Nitayalinda mwenyewe," alisema Shuwena.

Akaenda akakaa karibu na kiota. Akakunja mikono. Akakunja na uso, kama askari.

Kitwitwi hakuja. Alisimama mbali. Twi! Twi! Twi!

Jua likapanda. Mchanga ukawa moto. Mayai yakabaki peke yake.

"Njoo," alisema Shuwena. "Ni mimi tu. Mimi ni mlinzi wako."

Twi! Twi! Twi! Hakuja.

Shuwena akasogea nyuma. Kitwitwi akasogea mbele. Shuwena akasogea nyuma zaidi. Kitwitwi akasogea mbele zaidi. Shuwena alipofika kwenye gogo, kitwitwi akafika kwenye mayai.

"Kumbe unayemwogopa ni mlinzi," alisema Shuwena. Ilimuuma kidogo. Lakini alielewa.

Basi anatakiwa mlinzi asiye mtu. Mlinzi asiyepumua. Mlinzi ambaye wanawake wote wa Mtondooni wakimwona, hawamgusi.

Shuwena akatazama chini pwani. Maji yalikuwa yametoka. Na kule mbali, juu ya shimo la makumbi, kitambaa cha buluu kilikuwa kikipepea. Pe-pe-pe.

Kijiti cha Bibi.

Shuwena alijua kijiti hakiguswi. Alijua kabisa. Lakini Bibi alisema kila siku: "Shimo langu nalijua. Hata nikifumba macho nitaliendea."

Basi Bibi anahitaji kijiti cha nini?

Shuwena akashuka. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akakichomoa kijiti. Akakipandisha mpaka kiwanjani, akakichomeka karibu na mayai.

Akajificha nyuma ya gogo.

Kitwitwi akaja. Akakitazama kijiti. Akakizunguka mara moja. Akakizunguka mara mbili. Kijiti hakikupumua. Kijiti hakikusema "njoo".

Kitwitwi akalala juu ya mayai yake.

Usiku maji yakajaa. Shwaaa. Shwaaa. Yakapita juu ya shimo la Bibi. Yakasawazisha mchanga. Ukawa laini kama shuka iliyotandikwa.

Siku ya bamvua ikafika.

Asubuhi na mapema wanawake walishuka pwani. Walibeba majembe. Walibeba mapakacha. Waliimba, wakataniana.

Bi Mkasi alitangulia. Kila kitu cha Bi Mkasi ni haraka. Anakula haraka. Anatembea haraka. Anasalimia haraka.

"Kazija, umeamkaje, goti halijambo, haya twende!" alisema, na ameshapita.

Akafika kwenye kijiti chake chenye kifuniko cha kopo. Chwa! Chwa! Jembe likaingia mchangani. Makumbi yakatoka, meusi, yanatoa maji.

Na harufu je? Lo! Makumbi ya miezi sita yananuka. Shuwena alibana pua.

Bibi Kazija alitembea mpaka mahali pake. Akasimama. Akageuka. Akatembea hatua tatu. Akasimama.

"Kijiti changu kiko wapi?"

Shuwena akatazama vidole vyake vya miguu.

"Kilikuwa hapa," alisema Bibi. "Au pale?" Akafumba macho. Akatembea. Akafumbua. "Hapa!" Akachimba. Mchanga tu. Akachimba tena, pembeni. Mchanga tu.

"Bibi, si ulisema utaliendea umefumba macho?" Shuwena aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Nilisema," alisema Bibi. Akakaa chini juu ya jiwe, akashika goti lake. "Watu husema mengi, mjukuu wangu, kijiti kikiwepo."

Makumbi ya miezi sita. Bibi aliyabeba yote kwa kichwa chake, na goti lake lile lile. Na maji yatarudi adhuhuri.

Shuwena akatazama juu kiwanjani. Akimrudishia Bibi kijiti, mayai hayana alama tena. Akikiacha, Bibi hana makumbi.

Na hata akikirudisha, shimo liko wapi? Hakuna ajuaye.

Machozi yakamjaa. Akaenda akapiga magoti mbele ya Bibi.

"Bibi, kijiti nimekitoa mimi."

Bibi akamtazama. "Wewe?"

"Nimekiweka juu. Kiwanjani. Pana mayai. Ya kitwitwi. Mtayatupia makumbi. Bibi, nisamehe."

Bibi Kazija akatazama juu kiwanjani. Upepo ulipita.

"Umekosa," alisema. "Na umesema. Yote mawili nimeyasikia."

Akampangusa machozi kwa ncha ya kanga.

Mara wakasikia sauti kutoka juu.

"Kazijaaa!"

Alikuwa Bi Mkasi. Alikuwa ameshafukua. Alikuwa ameshajaza pakacha. Alikuwa ameshapanda kiwanjani, wa kwanza kabisa, kama kawaida yake. Na sasa alikuwa amesimama, pakacha kichwani, maji yakimchuruzika mpaka miguuni.

"Kazijaaa! Umefukia nini huku? Njoo, naona kijiti chako! Siwezi kutua mzigo!"

Shuwena akaondoka mbio. Bibi akafuata na fimbo yake, hatua kwa hatua. Wanawake wote wakafuata kuona.

Shuwena alifika anahema. Mguu wa Bi Mkasi ulikuwa hapa. Mayai yalikuwa pale. Katikati palikuwa na kijiti cha buluu tu.

"Usitue!" alilia Shuwena. "Tafadhali, Bi Mkasi! Usitue hapa!"

"Situi, lakini shingo yangu inaingia mwilini!" alisema Bi Mkasi. "Bibi yako amezeeka? Anafukia makumbi mchanga mkavu?"

Wanawake wakacheka. Kwa kwa kwa kwa!

"Si Bibi aliyefukia," alisema Shuwena. "Ni yule."

Akaonyesha kwa kidole.

Kitwitwi alikuwa akijiburura mbele ya wanawake kumi na wawili. Kwaru, kwaru, kwaru. Mdogo sana. Bawa chini. Twi! Twi! Twi!

"Ndege ana makumbi?" aliuliza Bi Mkasi.

"Hana makumbi. Ana mayai mawili. Kayafukia mwenyewe, nimemwona. Na yeye hana kijiti. Nikampa cha Bibi."

Wanawake wakaacha kucheka.

Shuwena akasimama mbele ya kijiti. Akasema ile sheria ya pwani, ile ambayo hata watoto wanaijua:

"Alichofukia mtu,
hufukua mwenyewe."

"Mtu," alisema Bi Mkasi. "Mtu, mwanangu. Huyu ni ndege. Hapa ndipo mahali petu. Alipiga makumbi hapa bibi yangu, na bibi wa bibi yangu. Ukitoka hapa, mchanga mkavu mwingine uko kule kwenye miti ya mivinje. Mbali! Na makumbi mabichi mazito. Mtazame bibi yako na goti lake."

Alikuwa anasema kweli. Mivinje ilikuwa mbali.

Wote wakamtazama Bibi Kazija. Bibi alikuwa amefika sasa, anahema. Akamtazama kitwitwi. Kitwitwi alikuwa bado anajiburura, ameshachoka.

"Mkasi," alisema Bibi, "mimi nilijifanya zimwi siku nzima kisimani, kwa mtoto mmoja. Wewe Mkasi, mwanao alipougua surua, nani alimdanganya daktari kwamba amelala vizuri? Ni wewe! Hukulala siku nne."

Maji ya makumbi yalimtiririka Bi Mkasi usoni. Labda yalikuwa maji ya makumbi tu.

"Nami nimepoteza shimo kwa kijiti hiki," alisema Bibi. "Basi na kibaki kilipo."

Shwaaa, ilisema bahari kwa mbali.

Bi Mkasi akashusha pumzi. Puuu!

"Haya," alisema. "Ndege na afukue mwenyewe. Siku yake ikifika."

Na safari hii hakufanya haraka. Alirudi nyuma, unyayo mmoja mmoja, akizikanyaga nyayo zake zile zile.

Halafu akakumbuka kitu. "Na shimo lako, Kazija? Liko wapi?"

"Sijui."

"Hujui! Si ulikuwa unaliendea umefumba macho?"

"Nimejaribu leo. Macho yalifumba vizuri. Shimo ndilo sikuliona."

Kwa kwa kwa kwa! Wote wakacheka, hata Shuwena.

Bi Mkasi akatua pakacha lake mbali na mayai. Wanawake wakashuka, wakamaliza haraka kufukua ya kwao. Wakajipanga mstari mmoja. Kila mmoja akashika kijiti chake, akachoma mchanga, akanusa ncha.

Choma. Nusa.
Choma. Nusa.

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Shwaaa.

Choma. Nusa.
Choma. Nusa.

Maji yakafika vifundoni. Shwaaa.

Shuwena naye alichoma. Shuwena naye alinusa. Alinusa mchanga. Alinusa mwani. Alinusa kaa mmoja, bila kutaka.

Choma. Nusa…

"Pyuu!" alisema Bi Mkasi. Akashika pua. "Ni haya! Hakuna makumbi mengine yanayonuka namna hii. Ni ya Kazija haswa!"

"Yananuka kama rafiki zangu," alisema Bibi Kazija, akicheka mpaka akashika mbavu.

Majembe yote yakashuka pamoja. Chwa! Chwa! Chwa! Makumbi yakatoka yote kabla maji hayajafika magotini.

Wakayabeba mpaka kwenye mivinje. Ilikuwa mbali kweli. Bi Mkasi alipeleka pakacha lake, akarudi. Akalichukua la Bibi Kazija, akaliweka kichwani bila kuulizwa.

"Wewe shika fimbo yako, utembee," alisema. "Na usifumbe macho."

Siku nyingi zikapita. Kwenye mivinje magongo yalilia. Pu! Pu! Pu! Kiwanjani palikuwa kimya. Kijiti cha buluu kilipepea. Pe-pe-pe.

Kila asubuhi Shuwena alilala nyuma ya gogo, akatazama.

Asubuhi moja alimwona mtu mwingine amelala pale. Kifudifudi. Kanga kichwani.

"Shikamoo, Bi Mkasi," alinong'ona Shuwena.

"Marahaba. Shh! Inama. Utamtisha."

Wakatazama pamoja. Kwa muda mrefu. Bi Mkasi hakusema "haraka" hata mara moja.

Kitwitwi akainuka. Akapangua mchanga. Kwa-kwa-kwa.

Hapakuwa na mayai.

Palikuwa na vifaranga viwili! Vidogo. Vya manyoya laini. Vilikuwa kama pamba iliyoota miguu.

Kimoja kikasimama. Kikaanguka. Kikasimama.

Kingine kikamtazama mama yake. Kisha, tazama!

Twi-twi, mbio!
Kikasimama kimya.
Twi-twi, mbio!
Kikasimama kimya.

"Mashallah," alisema Bi Mkasi. "Leo leo kazaliwa, leo leo anakimbia! Huyu ananishinda mimi."

Mama kitwitwi akaviita vifaranga vyake. Wakaondoka watatu pamoja, kuelekea kwenye maji, penye chakula. Hawakutazama nyuma.

Shuwena akakichomoa kijiti. Akampelekea Bibi.

Jioni ile Shuwena alikula wali kwa papa. Akanawa miguu. Akapanda kitandani.

"Bibi," alisema, macho yakiwa mazito, "vitalala wapi leo?"

"Chini ya mama yao," alisema Bibi. "Mmoja bawa hili. Mmoja bawa hili."

"Na kama upepo ukija?"

"Upepo utampata mama."

Shuwena akasogea karibu na ubavu wa Bibi. Akalala.

Ijumaa, baada ya sala, wanawake kumi na wawili walikutana barazani kwa Bi Mkasi. Walizungumza sana. Mmoja alitaka kiwanja kihamie kwenye mivinje moja kwa moja. Mwingine alisema ni mbali, kuna wazee. Wote wawili walisikilizwa.

Mwisho wakaamua hivi. Kiwanja kitabaki pale pale. Lakini kila mwaka, siku ya kufukua, mzigo wa kwanza usitue mpaka mtu mmoja apite kwanza. Apite kiwanja kizima. Apite polepole, atazame mchanga. Akikuta kilichofukiwa, wote wataelekea kwenye mivinje, na mizigo ya wazee itabebwa na wenye magoti mazima.

"Na nani atapita?" aliuliza mmoja.

"Mwenye macho," alisema Bi Mkasi. "Sisi tulipita pale miaka yote. Tuliona mchanga tu."

Mwaka uliofuata bamvua likaja. Wanawake kumi na wawili walipanda na mapakacha yao. Wakafika kwenye ukingo wa kiwanja, wakasimama. Maji yaliwachuruzika shingoni. Hakuna aliyetua. Hakuna aliyenung'unika.

Na mbele yao, peke yake, Shuwena alipita mchangani. Hatua moja. Akatazama. Hatua nyingine. Akatazama. Mpaka mwisho wa kiwanja.